Chupa Gani Inafaa kwa Marashi ya Nyumbani?

Kwenye soko la Kadutu hapa Bukavu tunapata chupa tupu za kila namna: za soda, za maji, za dawa ya kikohozi, hata za marashi ya Ulaya yaliyokwisha. Mama anayetengeneza marashi nyumbani hufikiri sana juu ya mafuta na alkoli, halafu chupa anaitafuta siku ya mwisho. Chupa mbaya inaweza kula faida yote, na katika nyumba yenye watoto inaweza kuleta msiba.

Tuanze na hao watoto. Usitie kamwe marashi katika chupa ya soda au ya maji, hata kwa usiku mmoja. Mtoto mwenye kiu haulizi. Akiona chupa anayoijua, anakunywa. Bia ina alkoli sehemu 5 hivi katika 100, lakini marashi ya kupuliza mara nyingi yanapita 70. Kiasi kidogo tu kinaweza kumlaza mtoto usingizi mzito na kushusha sukari katika damu yake. Akinywa, usimtapishe. Mkimbize kituo cha afya, na chupa uibebe.

Kwa marashi yenyewe, kioo kinashinda vyote. Hakinyonyi harufu, wala alkoli haikisumbui. Kama unaweza kuchagua, chukua cha rangi ya kahawia, maana mwanga huharibu harufu, na ile ya limau na machungwa ndiyo hutangulia kuharibika. Chupa nyeupe nayo inafaa ikikaa ndani ya katoni.

Plastiki si zote sawa. Geuza chupa utazame namba iliyo chini, ndani ya pembe tatu. Namba 2 ni ya jamii ya bidoni zetu za njano: haivuji, lakini harufu hupenya ukutani polepole, na baada ya miezi unabaki na alkoli isiyonukia vizuri. Namba 6, ile ngumu inayopasuka upesi, mafuta ya limau huiyeyusha. Namba 1 inavumilia zaidi, ila si ya kuweka akiba ndefu.

Sasa kifuniko, ambacho wengi wetu tunakisahau. Marashi hukimbilia mdomoni mwa chupa. Kizibo cha mti hunywa mafuta, na mpira wa kudondoshea dawa huvimba na kulainika. Tafuta kifuniko cha kusokota chenye plastiki ngumu ndani. Marashi ya alkoli yanapenda pompi ya kupuliza. Yale ya mafuta mazito huiziba, heri chupa ndogo yenye kidude cha mviringo cha kupaka.

Kabla ya kununua chupa nyingi, nunua 2. Zijaze, chora mstari mahali marashi yalipofika, zilaze juu ya karatasi nyeupe mahali penye joto kwa wiki 2. Mstari ukiachwa juu, karatasi ikipata doa au chupa ikilegea, umeokoa pesa yako.

Chupa za dawa zinaweza kutumika tena, lakini vifuniko vyake vitupwe, maana harufu ya dawa haivitoki. Osha kwa maji ya moto, kisha acha zikauke kabisa, mdomo chini. Tone moja la maji linaweza kufanya marashi yawe kama maziwa. Za dawa ya wadudu, hapana, hata zikioshwa mara kumi. Na zile za marashi ya Ulaya? Shingo zake nyingi zimebanwa kwa bati, hazifunguki bila kuharibika. Tena kuuza kazi ya mikono yako kwa jina la mwingine ni kumdanganya mteja.

Juu ya ukubwa: litre 1 inatoa chupa 20 za ml 50, au 100 za ml 10. Jirani anayepata pesa kidogo kila siku atanunua ile ndogo, lakini hesabu kwanza bei ya pompi 100.

Etiketi ifunike kwa skochi, kwani alkoli hufuta wino. Andika tarehe na neno “Usinywe”. Acha nafasi kidogo juu, sababu alkoli hupanuka kwa joto. Na kazi ya kujaza chupa ifanyike madirisha wazi, mbali na mbabula: mvuke wa alkoli hushika moto hata kabla hujauona.