Weusi wa Frans Hals

Marehemu mama alikuwa akishona mabuibui Kibokoni, Mombasa, na kabla sijafika darasa la tano nilishajua kwamba nyeusi si rangi moja. Hunipa vipande viwili vya kitambaa, nivipeleke mlangoni penye mwanga, nimwambie kipi kina wekundu ndani yake na kipi kina ubuluu. Nikikosea, buibui likitoka juani huonekana kama lina viraka.

Miaka mingi baadaye, nikiwa nimeolewa Uholanzi, nilisimama mbele ya picha moja mjini Haarlem nikamkumbuka mama mpaka machozi yakanilenga.

Picha yenyewe ni ya wanawake watano. Wanne walikuwa wasimamizi wa nyumba ya kutunzia wanaume wazee, wa tano mtumishi wao. Frans Hals aliichora mnamo 1664, umri wake umeshapita miaka 80. Nyumba hiyo ndiyo iliyogeuzwa jumba la makumbusho lenye jina lake mwaka 1913, kwa hiyo akina mama hawa wamerudi palepale walipokuwa wakifanyia kazi.

Wote wamevaa nguo nyeusi na kola nyeupe. Sogea karibu utazame mkono wa mmoja wao: huoni vidole, unaona mipigo michache ya burashi, waridi kidogo, kijivu kidogo, kama mtu aliyekuwa na haraka. Rudi nyuma hatua tatu. Mkono umepata mifupa, umepata mishipa, na umechoka.

Ndivyo alivyofanya kazi. Wachoraji wengi wa zama zake walipaka tabaka wakangoja likauke, wakapaka jingine. Hals mara nyingi alipiga rangi mbichi juu ya rangi mbichi, na hakuna hata mchoro mmoja wa penseli unaojulikana kwa hakika kuwa wake. Fundi anayekata kitambaa bila kuchora kwa chaki namheshimu, maana mkasi ukishapita haurudi.

Na kwao ni watu wa vitambaa. Baba yake alikuwa fundi wa nguo za sufu. Hals alizaliwa Antwerp kwenye miaka ya 1580, wazazi wakahamia Haarlem angali mdogo, baada ya majeshi ya Hispania kuuteka mji wao mwaka 1585. Haarlem nao ulisifika kwa kitani na kwa kukianika kiwe cheupe pe.

Matajiri wa mji huo walivaa nyeusi, wala si kwa unyonge: nyeusi nzuri ilikuwa ghali. Kitambaa kilitiwa buluu kwanza, kisha rangi nyingine juu yake, mpaka giza likolee. Hapo ndipo nilipouelewa wekundu na ubuluu wa mama. Mchoraji Vincent van Gogh, alipoziona picha zake Amsterdam mwaka 1885, alimwandikia ndugu yake kwamba Hals ana nyeusi 27.

Hals alipotaka mapambo aliyaweza pia. Picha yake ya kijana wa miaka 26, ya mwaka 1624, iko Wallace Collection, London. Watu huiita ya mpandafarasi anayecheka, ingawa hacheki. Mimi hutazama mkono wa koti tu: nyuki, mishale na miali ya moto, vyote vimedariziwa, kila mshono mpigo mmoja wa burashi.

Sifa hizo hazikumlisha. Alikuwa na watoto wengi na madeni mengi. Mwaka 1654 mwoka mikate aliyemdai alichukua magodoro matatu, mito, kabati, meza na picha tano. Mwishowe baraza la mji likampa gilda 200 kwa mwaka. Alifariki 1666, akazikwa katika kanisa kuu la Haarlem.

Kuna waliosimulia kwamba aliishi katika nyumba ile ya wazee, na kwamba aliwachora wasimamizi vibaya ili kulipa kisasi. Hakuishi humo kamwe, na mimi kisasi sikioni. Naona mzee aliyewatazama wazee wenzake bila kuwaongeza wala kuwapunguza.

Huwa narudi siku za mawingu, mwanga ukiwa sawa pande zote, nikazihesabu nyeusi zao. Nimefika 11, na yule aliyekaa mezani bado sijammaliza.