Sura ya 7: Volti 24 Zinazoongoza Kiwanda

Majani ya chai hayangoji. Yakishachunwa katika mashamba ya Konoin au Bureti, yakanyaushwa na kusagwa kwenye roli zenye meno, huanza kuchachuka, na kazi hiyo huchukua kama saa moja hadi mbili. Rangi hugeuka kutoka kijani hadi shaba. Yakichelewa kuingia kwenye kikaushio, chai hupoteza ule ukali ambao wanunuzi wa mnada wa Mombasa huulipia. Katika kiwanda chenye mitambo ya kisasa, mwendo wa mkanda, hewa inayopulizwa na joto la kikaushio husimamiwa na PLC, ile kompyuta ngumu ya viwandani iliyoanzia Marekani mwishoni mwa miaka ya 1960, pale Dick Morley na wenzake walipounda Modicon 084 ili kuondoa makabati yaliyojaa rilei.

Watu huisifu programu. Mimi nataka tukitazame kijisanduku kilicho kando ya PLC, ambacho mafundi hukiita pawa saplai.

PLC nyingi hazitumii volti 240 za ukutani. Hutumia volti 24 za mkondo mnyoofu, na pawa saplai ndiyo inayozitengeneza. Kwanza diodi huugeuza mkondo geu kuwa mnyoofu wa karibu volti 340. Kisha transista huukatakata makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde ili upite kwenye transfoma ndogo inayoushusha, halafu hunyooshwa tena na kusafishwa ukiwa volti 24. Katikati ya safari hiyo kuna kapasita kubwa, na hapo ndipo penye siri. Kapasita hiyo ni kama tangi la maji juu ya paa: bomba la mtaani likikauka, nyumba huendelea kupata maji, ila kwa muda tu.

Muda wenyewe ni mfupi mno. Pawa saplai ya ampea 5, yaani wati 120, mara nyingi huhimili takriban milisekunde 20 stima ikikatika. Huo ni mzunguko mmoja tu wa umeme wetu wa hezi 50. Jenereta huhitaji sekunde kadhaa kuamka na kupokea mzigo. Hata mashamba makubwa ya Kericho yenye vituo vyake vya umeme wa maji hayajaepuka tatizo hili, kwa kuwa kuhama kutoka chanzo kimoja hadi kingine nako huacha pengo.

Afadhali umeme ungezimika kabisa. Ukilegea nusunusu, madhara huwa makubwa zaidi. Vifaa vingi vya volti 24 vimeundwa kuvumilia hadi 20.4. Chini ya hapo rilei moja huachia, nyingine hushikilia, kihisi cha joto hutoa habari za uongo, na pengine PLC yenyewe bado iko macho na inaziamini. Kwa sababu hiyo vali na rilei zisilishwe na pawa saplai ileile inayolisha PLC, na kila kundi la vihisi liwe na fyuzi yake. Waya mmoja uliochubuka usizime ukumbi mzima.

Nchi yenyewe nayo ina masharti yake. Kericho inajulikana kwa radi na mvua ya mawe, na mti ukiangukia nyaya alasiri, stima huyumba mara kadhaa kabla ya kupotea. Kinga ya radi na ardhi nzuri ya umeme si anasa huku. Kisha tuko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi na hupoza vifaa kidogo kuliko pwani. Kabati likiwekwa karibu na boila, joto humaliza kapasita: kila nyuzi 10 za Selsiasi zinazoongezeka hupunguza umri wake kwa takriban nusu. Na pawa saplai iliyochoka haisemi. Mita ya fundi itasoma 24 asubuhi hadi jioni. Unyonge wake utajulikana siku stima itakapoyumba.

Dawa ipo, tena si ghali ukilinganisha na mzigo wa majani unaoharibika. Betri mbili za volti 12 na ampea-saa 7, zikiunganishwa kwa mfululizo kupitia kifaa cha kuzichaji, hubeba wati-saa 168. Kwa hesabu ya karatasini, mzigo ule wa wati 120 ungeendeshwa kwa zaidi ya saa moja; kiwandani ni pungufu ya hapo, lakini jenereta itakuwa imeamka zamani. Mota zitasimama, ndiyo, ila PLC itajua zimesimamia wapi, na itaziwasha upya kwa utaratibu.

Usiku wa 25 Agosti 2023, stima ilipotea karibu Kenya nzima. Kukatika kwa namna hiyo hutangazwa redioni. Kuyumba kwa sekunde moja hakutangazwi popote, na ndiko kunakokuja mara nyingi zaidi. Kwa hiyo, meneja mwenye fedha za kuboresha mitambo, anza na betri na pawa saplai kabla ya kununua skrini mpya. Nawe fundi, andika kwa wino mwaka ulipofunga kila pawa saplai, na kabla ya mvua za Machi izimie umeme wakati kiwanda hakina majani, uone kama PLC itabaki hai.