Bega likiuma, usikimbilie kisu!

Wajameni, kuna maumivu ambayo hayaui lakini yanakunyima raha. Ukilalia ubavu, bega linawaka moto. Ukiinua mkono kuanika nguo, unapiga yowe. Ukizoea jembe la mkono na ndoo za maji kama watu wa huku Jorodom, unanielewa.

Juu ya bega kuna mfupa uliokaa kama paa, na chini yake zinapita kano zinazoinua mkono. Kano zikichoka na kuvimba, zinabanwa kila ukinyanyua mkono. Mwaka 1972 daktari wa Marekani, Charles Neer, alieleza upasuaji wa kuchonga paa hilo ili kano zipate nafasi. Baadaye ukafanywa kwa kamera ndogo inayopitishwa kwenye vitundu. Watu kibao wakachongwa, wengi wakapata nafuu, sifa zote zikaenda kwa kisu.

Lakini ni kisu kweli? Waingereza wakaamua kupima. Wagonjwa 313 waligawanywa makundi matatu: wa kwanza walichongwa, wa pili waliingiziwa kamera tu bila kuchongwa, wa tatu hawakupasuliwa kabisa. Matokeo yalichapishwa na jarida la Lancet mwaka 2018. Mwe! Waliochongwa hawakuwapita wale wa kamera tupu, na hata wasiopasuliwa waliachwa nyuma kidogo tu. Mwaka 2019 jopo la kimataifa, katika jarida la BMJ, likashauri kwa mkazo upasuaji huo usifanywe kwa maumivu ya aina hii.

Ndiyo maana niliposikia ukoo wetu unajadili kuuza ng'ombe ili mama mdogo akachongwe mfupa mjini, nilipinga hadharani. Kwanza mazoezi! Fika hospitali, kwa mfano Haydom, ile ya Kilutheri iliyoanza mwaka 1955, uulizie mtaalamu wa viungo. Kutambaza vidole ukutani, kuvuta kipande cha tyubu ya baiskeli kilichofungwa mlangoni: gharama yake ni jasho tu. Ila usitegemee wiki moja, jipe miezi mitatu hivi.

Angalizo, mpenzi msomaji: umeanguka na mkono hauinuki, au bega limevimba na una homa? Hayo ni mengine kabisa. Wahi kwa daktari leo leo, usisubiri mazoezi.