Mwenzi Asiye wa Ndoa Katika Hesabu ya Kodi

Kila mwanzo wa mwaka, fomu za kodi ya mapato zijazwapo, ndugu zetu walioko Marekani huulizana: Je, mtu akaaye kinyumba na mwenziwe bila ndoa aweza kumwandika kuwa mtegemezi wake? Kanisa lina neno lake juu ya nyumba za namna hiyo, na wasomaji walijua. Lakini mtoza kodi haulizi habari za pete. Auliza nani alimlisha nani, na chini ya paa gani.

Aweza, ila mlango ni mwembamba. Yapasa mwenzi huyo awe amekaa nyumbani humo mwaka mzima, tangu Januari hata Desemba. Aliyehamia mwezi wa Machi hahesabiwi mwaka huo; bali aliyelazwa hospitali kwa muda, huyo hakuhama. Basi mchumba aliyeko Mombasa, hata akipelekewa fedha kila mwezi, hamo.

Jambo linalowakwaza wengi ni mapato. Kwa mwaka 2024 mtegemezi wa namna hii alitakiwa awe na mapato yasiyofika dola 5,050. Tuseme bibi aliosha vyombo hotelini akapata dola 6,000, na bwana akalipa pango, chakula na dawa. Bibi hakubaliwi, ingawa ni dhahiri kwamba fedha zake peke yake zisingemtosha. Kwa maoni yangu kanuni hii yawabana zaidi wenye kazi ndogo ndogo.

Akipita hapo, bwana aonyeshe kwamba zaidi ya nusu ya matunzo yake yalitoka mfukoni mwake: malazi, chakula, mavazi, matibabu. Fedha ambayo bibi aliiweka benki bila kuigusa haihesabiwi kuwa matunzo. Ni vema kuweka stakabadhi zote, maana Serikali yaweza kuzitaka. Na ikiwa mmoja wao ana ndoa kwingine, na sheria ya jimbo lile yakataza ukaaji huo, dai halifai.

Nafuu yenyewe ni dola 500, zinazopunguzwa katika kodi ya bwana. Asiyedaiwa kodi hapewi kitu mkononi. Wala wawili hao hawaandikwi mume na mke; kwa ajili ya mwenzi huyo peke yake, bwana hatolewi katika fungu la waseja.