Fedha Kidogo, Meza Ipi? Mwongozo kwa Anayetaka Kucheza Poka

Mtu anayeingia katika mchezo wa poka akiwa na fedha kidogo huuliza swali moja kabla ya mengine: nianzie meza ipi ili fedha hizi zikue? Swali hilo ni la haki, lakini halijakamilika. Kila aina ya poka ina namna yake ya kumtoza mchezaji na namna yake ya kumpotezea fedha. Anayechagua aina ya mchezo huchagua mambo hayo mawili, ajue asijue. Makala haya yanaeleza tofauti hizo ili mchezaji aamue akiwa na hesabu mkononi.

Fungu la mchezo si mtaji

Wachezaji wengi huziita fedha zao za kuchezea "mtaji". Neno hilo hupotosha. Mtaji wa genge hununua nyanya, na nyanya zikiuzwa hurudisha fedha pamoja na faida. Fedha iliyowekwa kwenye karata hainunui bidhaa yoyote. Katika poka, wachezaji hushindana wao kwa wao, na anachokipata mmoja kimetoka mfukoni mwa mwingine. Mwenye ukumbi hashiki upande wowote. Yeye hukata ada yake, nani ashinde nani ashindwe. Kwa hiyo, ukijumlisha matokeo ya wote walioketi mezani, jumla huwa hasara iliyo sawa na ada hiyo. Ili mchezaji apate faida, haitoshi awe bora kuliko wenzake. Sharti awazidi kwa kiasi kinachopita ada.

Hivyo basi, kanuni ya kwanza ni kutenga fungu la mchezo ambalo likipotea lote, kodi ya nyumba italipwa, ada ya shule italipwa, na chakula kitapikwa. Katika mifano inayofuata tutachukua fungu la shilingi 100,000.

Meza ya fedha taslimu

Katika meza hii, kila sarafu ya plastiki iliyo mbele yako ina thamani yake ya fedha. Unaweza kuketi na kuondoka wakati wowote. Kila mgawo wa karata, wachezaji wawili hutoa dau la lazima, mmoja dogo na mwingine kubwa, kwa zamu. Fedha zinazokusanyika katikati ya meza, ambazo hapa tutaziita kapu, huchukuliwa na mshindi baada ya mwenye ukumbi kukata sehemu yake. Makato ya asilimia 5 ya kapu, yenye kikomo maalumu, ni ya kawaida katika kumbi nyingi, ingawa kumbi nyingine hukata zaidi.

Makato haya hayaonekani kwa urahisi kwa sababu hutoka kwa mshindi, naye wakati huo amefurahi. Chukua meza ya watu 6 yenye madau ya lazima ya shilingi 100 na 200. Tuseme kwa saa moja makapu 30 yenye wastani wa shilingi 4,000 yamekatwa asilimia 5. Kila kapu limetoa shilingi 200, na meza nzima imetoa shilingi 6,000. Kwa wastani, kila aliyeketi amelipia saa hiyo shilingi 1,000. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba hiki ni cha mwenye ukumbi.

Hatari nyingine ya meza hii ni wepesi wa kuongeza fedha. Kwa kawaida mchezaji huketi na kiasi kinacholingana na madau makubwa 100, yaani shilingi 20,000 katika mfano wetu. Pasipo kikomo cha dau, kiasi hicho chaweza kuisha katika mgawo mmoja tu. Hakuna kengele itakayolia. Kuna mkono tu unaorudi mfukoni. Meza ya fedha taslimu humfaa yule anayeweza kuinuka akiwa ameshindwa, asiongeze hata senti.

Mashindano ya meza moja

Hapa watu wachache, mara nyingi 9 au 10, hulipa kiingilio na kupewa sarafu za mchezo zenye idadi sawa. Sarafu hizo hazibadilishwi kuwa fedha. Mchezo huendelea, madau ya lazima yakipanda kila baada ya muda, mpaka abaki mmoja. Mgawanyo uliozoeleka ni asilimia 50 kwa wa kwanza, 30 kwa wa pili na 20 kwa wa tatu.

Tuseme kiingilio ni shilingi 10,000 na ada ni shilingi 1,000. Watu 10 hukusanya shilingi 100,000 za zawadi na shilingi 10,000 za ukumbi. Kwa fungu lako utacheza mara 9. Mchezaji wa uwezo wa wastani hulipa shilingi 99,000 na, hesabu ikisawazishwa kwa muda mrefu, hurejeshewa shilingi 90,000. Gharama yake inakaribia ile ya saa 9 katika meza ya fedha taslimu tuliyoieleza. Tofauti ni kwamba hapa bei imeandikwa mlangoni, na hasara ya kila mchezo ina ukomo unaojulikana kabla karata ya kwanza haijagawanywa.

Mashindano makubwa

Haya hukusanya watu kadhaa, mamia au hata maelfu. Zawadi ya mshindi ni kubwa, na ndiyo inayovutia macho. Lakini kwa kawaida wanaolipwa ni takriban asilimia 10 hadi 15 tu ya walioingia, na wengi wao hupata kiasi kinachozidi kiingilio kidogo tu.

Angalia tofauti. Mchezaji wa wastani akiingia mara 9 katika mashindano makubwa yanayowalipa watu 15 kati ya 100, uwezekano wa kutoka mikono mitupu mara zote 9 ni takriban 23 katika 100, yaani karibu mtu mmoja kati ya wanne. Katika mashindano ya meza moja yanayowalipa watatu kati ya kumi, uwezekano huo ni takriban 4 katika 100. Ada yaweza kuwa ileile, lakini fungu dogo huvumilia mchezo mmoja kuliko mwingine.

Tahadhari pia kuhusu mashindano yanayomruhusu aliyetolewa kulipa tena na kurudi. Kiingilio cha shilingi 5,000 kinacholipwa mara tatu ni kiingilio cha shilingi 15,000.

Mashindano ya haraka ya watu watatu

Kumbi za mtandaoni huwa na mchezo ambamo watu watatu hulipa kiingilio, kisha gurudumu huamua ukubwa wa zawadi. Tangazo huonyesha zawadi kubwa kabisa. Hata hivyo, mara nyingi gurudumu husimama kwenye zawadi iliyo mara mbili ya kiingilio. Watu watatu wametoa shilingi 10,000 kila mmoja. Jumla ni 30,000. Mshindi anapata 20,000. Zilizobaki ni ada ya ukumbi pamoja na akiba ya zile zawadi kubwa adimu. Asiyebahatika kuiona zawadi hiyo adimu amewachangia wengine. Kwa fungu dogo, mchezo huu ndio usiofaa kuliko yote.

Kipimo cha kujilinda

Miongoni mwa wachezaji wazoefu kuna desturi ya kugawa fungu katika viingilio vingi ili bahati mbaya ya siku moja isilimalize. Vipimo vinavyotajwa mara kwa mara ni angalau viingilio 20 kwa meza ya fedha taslimu, 50 kwa mashindano ya meza moja, na 100 kwa mashindano makubwa. Kwa fungu la shilingi 100,000, maana yake ni kuketi na kiasi kisichozidi shilingi 5,000, 2,000 na 1,000 kwa mfuatano huo.

Kwa kipimo hiki, hata mifano yetu ya shilingi 20,000 na 11,000 ni mikubwa mno kwa fungu letu. Yamkini ukumbi ulio karibu nawe hauna meza ya kiwango cha chini namna hiyo. Hapo jibu si kukopa wala kuongeza dau. Jibu ni kutoketi.

Kabla ya kulipa, uliza:

1. Je, ukumbi una leseni? Nchini Tanzania, michezo ya kubahatisha husimamiwa na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, na aliye chini ya umri wa miaka 18 haruhusiwi kucheza.
2. Ada ni kiasi gani, na hukatwa kwenye kiingilio au kwenye kila kapu? Je, ina kikomo?
3. Ni wangapi kati ya wanaoingia watakaolipwa?
4. Madau ya lazima hupanda kila baada ya dakika ngapi? Yakipanda upesi, ujuzi hupungua nguvu na bahati hutawala.
5. Bonasi iliyoahidiwa ina masharti gani kabla ya kuruhusiwa kutoa fedha?

Andika katika daftari tarehe, kiasi ulichoingia nacho, kiasi ulichotoka nacho na muda uliotumia. Kumbukumbu ya mchezaji huhifadhi ushindi na kusahau hasara. Daftari halina upendeleo.

Ukipima yote, mwenye fungu dogo anayetaka kujifunza mchezo hupata unafuu zaidi katika mashindano ya meza moja yenye kiingilio cha chini, kwa kuwa anajua mapema atalipa nini na atapoteza nini. Lakini ukijikuta unacheza ili kurudisha ulichopoteza, unaficha kiasi ulichotumia, au unagusa fedha za nyumbani, suala si tena aina ya mchezo. Acha kucheza, uombe ukumbi ukufungie akaunti, na umweleze mtu unayemwamini kabla hasara haijawa deni.