Shughuli Ikirudi Mtaani: Treme Ikitazamwa kutoka Shika Adabu

Tamthilia ya televisheni ya Treme haifunguliwi na dhoruba. Inafunguliwa na watu wanaobishania bei. Miezi mitatu imepita tangu kimbunga Katrina cha Agosti 29, 2005, kilichobomoa kuta za kuzuia maji na kuzamisha takriban asilimia 80 ya jiji la New Orleans. Nyumba zimeota ukungu, majirani wametawanyika, na katikati ya vifusi hivyo watu wa mtaa wanataka kuandamana barabarani na bendi yao kama walivyozoea. Antoine Batiste, mpiga tromboni, anafika kwa teksi akiwa amechelewa na nauli haimtoshi. Anavutana na dereva, anashuka, anatia tromboni mdomoni na kuungana na wenzake.

Mtu wa Shika Adabu akimtazama Antoine atamtambua mara moja. Huku kusini mwa kivuko cha Likoni, Mombasa, mpiga ngoma naye hufika kwa bodaboda, ngoma kaipakata, na nauli yake humhusu mwenye shughuli. Ada ya fundi huzungumzwa mbali na nauli. Chakula cha wapigaji nacho kina heshima yake: sinia la pilau hutengwa na kuletwa kabla ngoma haijalia, kwa kuwa kumpigisha mtu usiku kucha na njaa ni aibu ya nyumba nzima. Kisha kuna tunza, ambayo haipatanwi kabisa. Mwanamke anainuka, anacheza taratibu kuelekea kwa mwimbaji, noti iko mkononi na kila jicho linaiona, anaitoa na kurudi kwa madaha. Pengine ubeti ulikuwa wa kumsifu yeye. Pengine ulimlenga mke mwenzake aliyeketi mkekani. Wanaojua watajua.

Harusi ya huku haianzi siku ya nikaha. Huanza na majirani, pale wanawake wanapokutana kuchagua leso ya sare, kuchangishana mchele na nazi, na kupangana nani atasimamia masufuria. Usiku wa kesha hupigwa vugo, pembe zikigongwa kwa vijiti, na chakacha ikishika kasi leso zinafungwa viunoni. Kwa Wadigo, wenyeji wa ukanda huu, ikialikwa sengenya basi uwanja ni wa zumari. Ulimi wa zumari ni kipande cha jani kavu, ambacho fundi hukilowesha kwa mate kabla ya kupuliza. Akianza, mashavu yanafura, pumzi inaingia puani huku nyingine ikitoka mdomoni, na sauti haikatiki. Ngozi za ngoma zikinywa umande wa usiku, sauti yake hufifia. Hapo vijana huwasha makuti pembeni, wakazielekeza ngoma kwenye moto, na fundi hugonga kwa kidole huku ametega sikio mpaka aridhike. Wageni wote husubiri. Hakuna anayemharakisha fundi.

Shughuli ina mipaka pia. Adhana ikilia, ngoma hunyamaza. Mwezi wa Ramadhani ngoma za harusi huwekwa kando, na baada ya Idi mialiko humiminika. Na msiba ukiingia jirani, ngoma hukatishwa hata kama fundi keshalipwa. Likoni inalijua hilo kwa uchungu. Aprili 29, 1994, feri ilizama kwenye kivuko cha Mtongwe, jirani kabisa na hapa, na watu 272 wakafa.

Lakini dhoruba iliyovunja mtaa huu haikutoka baharini. Usiku wa Agosti 13, 1997, miezi michache kabla ya uchaguzi mkuu, wavamizi walishambulia kituo cha polisi cha Likoni, wakaua polisi, wakachukua bunduki, wakachoma vibanda na nyumba. Walengwa walikuwa watu wa bara: Waluo, Waluhya, Wakamba, Wakikuyu. Katika wiki zilizofuata waliuawa watu zaidi ya 100, na wapatao 100,000 wakayakimbia makazi yao. Maelfu walijibanza katika kanisa Katoliki la Likoni. Waliofanya uvamizi walikuwa wamelishwa kiapo katika msitu wa Kaya Bombo, upande wa Kwale, na vyombo vya dola vilipojibu, vijana wengi wa Kidigo walikamatwa na kuteswa, wakiwemo wasiokuwa na hatia. Tume ya Jaji Akiwumi ilichunguza. Chini ya yote hayo kulikuwa na siasa za kura, na donda la ardhi ambalo halijapona hata sasa.

Fikiria basi maana ya kesha katika hali hiyo. Ngoma zetu nyingi ni za usiku, na usiku ulikuwa unaogopwa. Ngoma hukusanya vijana, na mkusanyiko wa vijana ulikuwa unashukiwa. Jirani aliyekuwa akileta kuni na kumenya vitunguu ameondoka, na nyumba yake imebaki kuta. Utamwalika nani, na ngoma utampigia nani?

Ndiyo sababu naiheshimu sana Treme. Inafahamu kwamba nyumba zinaweza kusimama na mtaa usirudi. Albert Lambreaux, anayeigizwa na Clarke Peters, ni mkuu wa kundi la Wahindi wa Mardi Gras, watu weusi wanaoshona mavazi ya shanga na manyoya mwaka mzima ili wayavae kwa siku chache tu. Anarudi mjini wakati nyumba yake haikaliki, na shughuli yake kubwa ni kutafuta mahali pa kundi kufanyia mazoezi na kushika sindano na uzi. Anapoona nyumba za umma ziko imara na serikali imezifunga, anaingia kuikalia mojawapo. Polisi wanampiga na kumtia ndani, na sikukuu ya Mardi Gras inampita akiwa mahabusu. Watu wa Likoni waliosubiri miaka mingi hatima ya shamba la Waitiki, ekari 930 ambazo hati zake zilianza kutolewa mwaka 2016, hawahitaji mtu wa kuwafafanulia sehemu hiyo. Anayeishi kwenye ardhi asiyokuwa na hati yake hujenga kwa hadhari, lakini harusi ya mwanawe huifanya kwa ukamilifu.

Kwa maoni yangu, mtaa huu uliposhonwa tena haukushonwa na mikutano ya amani peke yake. Ulishonwa na mialiko. Jirani wa bara aliyerudi, akaalikwa harusini na akaja, alikuwa amerudi kweli. Mdigo aliyevuka kwenda kukaa matangani kwa Mluo alikuwa amesema jambo zito kuliko hotuba. Maridhiano ya namna hiyo hayana sahihi wala picha za magazetini, na huchukua miaka.

Undugu wa New Orleans na Mombasa una msingi mwingine pia, nao ni tarumbeta. Mwanzoni mwa karne ya 20 Mombasa na Lamu zilikuwa na ngoma ya beni, watu wakiandamana na ala za shaba, sare na vyeo vya kijeshi, huku vyama vikishindana kwa fahari. Mombasa palikuwa na Kingi na Skochi, na Terence Ranger aliandika historia ya ngoma hiyo katika kitabu chake cha 1975. Upande wa pili wa kisiwa cha Mombasa, huko Kisauni, kuna Freretown, makazi ya watumwa walioachwa huru yaliyoanzishwa na wamisionari wa Kianglikana katika miaka ya 1870. Huko ndiko alikoishi Joseph Ngala, mzee wa bango, muziki uliochanganya midundo ya Kimijikenda, taarab na jazi, saksafoni ikiwa mbele. Bango hupigwa harusini na matangani vilevile. Mtu wa New Orleans, anayemsindikiza maiti kwa bendi, angekaa na Mgiriama kwenye matanga yenye ngoma za mwanzele na kifudu bila kuuliza maswali mengi.

Pigo la karibuni lilikuja mwaka 2020. Corona ilipoingia, harusi zilizimwa, mazishi yakawekewa idadi ya watu 15, na kafyu ikaanza Machi 27. Jioni hiyo hiyo abiria wa feri ya Likoni walipigwa virungu na kurushiwa mabomu ya machozi. Kafyu haikuondolewa hadi Oktoba 2021. Kwa msanii wa redio ilikuwa hasara. Kwa mpiga zumari, ambaye riziki yake yote hutoka kwenye kesha, mlango ulifungwa wote. Kwa miezi kadhaa hapakuwa na ada wala tunza, wala kijana wa kusimama nyuma ya fundi akajifunza. Ujuzi wa namna hii hauna darasa. Hupokewa uwanjani, usiku, mbele za watu.

Tamthilia za Kiswahili zinazoonyesha Pwani zipo sasa, na nyingine zimependwa sana, kama Sultana ya Citizen TV. Nazifurahia. Lakini ngoma ndani yake hupita nyuma ya harusi ya matajiri kama pambo, kisha kisa kinaendelea. Treme iliwaweka wanamuziki wa kweli wa mji, akina Kermit Ruffins na Rebirth Brass Band, mbele ya kamera kwa majina yao, ikawaacha wapige nyimbo hadi mwisho. Nasi tunacho kisa: fundi wa zumari, jirani aliyekimbia 1997 na kurudi, binti anayeolewa, na usiku mmoja wa kuamua kama ngoma ipigwe au isipigwe.

Kwa hiyo nawaomba waandishi na watayarishaji wa tamthilia: vukeni kivuko. Mafundi wako hai, ingawa baadhi yao wamezeeka. Serikali ya Kaunti nayo iache kuwaita siku za wageni tu na kuwasahau kesho yake. Na atakayekuja kurekodi, aje na mkataba wenye jina la kila mpigaji, kuanzia zumari hadi upatu, si la mwimbaji peke yake.