Dizeli Haiogopi Tope, Inaogopa Maji

Mimina dizeli kwenye sahani mchana wa joto la Kilwa Masoko, uitupie njiti ya kiberiti inayowaka: njiti ndiyo itakayozimika. Dizeli haitoi mvuke wa kutosha kushika moto mpaka ipate joto la zaidi ya nyuzi 50. Petroli hutoa mvuke huo hata kwenye baridi ya chini ya sifuri, na ndiyo maana hakuna mwenye akili anayewasha sigara karibu na dumu lake. Lakini ndani ya injini mambo hugeuka. Petroli, pamoja na ukali wake wote, hailipuki mpaka plagi ipige cheche. Dizeli huwaka yenyewe.

Siri iko kwenye hewa. Injini ya dizeli huvuta hewa tupu, kisha pistoni huibana mpaka ibaki sehemu moja kati ya 14 hadi 22 hivi ya ujazo wake wa mwanzo. Aliyewahi kujaza upepo tairi la baiskeli kwa pampu ya mkono anajua kwamba ncha ya pampu hupata moto. Humo ndani ya silinda joto hupita nyuzi 500. Hapo ndipo nozo hunyunyiza mafuta, nayo huwaka papo hapo. Rudolf Diesel, mhandisi wa Kijerumani, alipewa hataza ya wazo hilo mwanzoni mwa miaka ya 1890, na injini yake ikafanya kazi sawasawa mjini Augsburg mwaka 1897. Kila kitu kizuri cha dizeli, na kila balaa lake, kinatokana na kule kubana.

Ninaandika haya kwa sababu huku kwetu Kusini mtu akipata fedha ya kununulia familia gari la juu kidogo, ushauri anaopewa ni mmoja: chukua dizeli, dizeli haifi. Ushauri huo una historia yake. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, Rufiji ilivukwa kwa pantoni, na baada ya pantoni kulikuwa na Ndundu hadi Somanga, kilomita 60 za tope ambazo ziliendelea kusubiri lami kwa miaka mingi hata daraja lilipokwisha. Kwenye njia ile yaliyopita yalikuwa malori na Land Cruiser za hardtop. Nyingi zilibeba injini ya 1HZ: lita 4.2, silinda sita, haina turbo, na pampu yake ya mafuta huendeshwa kimakanika, haingoji amri ya kompyuta. Injini hiyo ilistahili sifa zote ilizopewa.

Gari la familia linaloagizwa leo kutoka Japani halina injini hiyo. Prado ya D-4D, X-Trail ya dizeli iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 2008, Mazda CX-5 ya Skyactiv-D iliyoingia sokoni mwaka 2012, zote zinatumia mfumo ambao pampu moja hujaza bomba la pamoja kwa mgandamizo unaofika baa 1,600 na zaidi, yaani zaidi ya mara 600 ya upepo wa tairi lako. Matundu ya nozo yana upana wa kama sehemu moja ya kumi ya milimita. Kompyuta ndiyo inayoamua nozo ifunguke lini, na huweza kuifungua mara kadhaa ndani ya mlipuko mmoja. Ni ufundi wa hali ya juu, nami naupenda kwa dhati. Ila ufundi wa namna hiyo hauvumilii uzembe, na hapa pwani adui wake mkubwa ni maji. Huja kwa njia mbili.

Njia ya kwanza ni tangi la mafuta. Hewa ya bahari ina unyevu. Tangi likilala nusu tupu usiku, unyevu hugeuka matone kwenye kuta zake na kushuka chini. Mengine hutoka kwenye tangi la ardhini la sheli baada ya masika, na mengine kwenye madumu. Maji ni mazito kuliko dizeli, kwa hiyo hukaa chini kabisa, pale pampu inapovuta. Waliounda gari walilijua hilo. Chini ya filta ya dizeli kuna kikombe cha kukusanyia maji, na ndani yake kuna boya dogo lenye sumaku. Boya hilo huzama kwenye dizeli lakini huelea juu ya maji. Maji yakifika kiasi fulani, boya hupanda, sumaku hugusisha swichi, na kwenye dashibodi huwaka taa ya rangi ya chungwa yenye picha ya filta na matone.

Taa ikiwaka, kazi ni ya dakika tano. Zima gari, weka chupa angavu chini ya filta, legeza koki iliyo kitako, bonyeza pampu ya mkono iliyo juu ya filta mara kadhaa. Kwenye chupa utaona tabaka mbili zisizochanganyika: maji chini, wakati mwingine yakiwa na rangi ya kutu, na dizeli juu. Ikianza kutoka dizeli tupu, kaza koki, bonyeza tena mpaka pampu iwe ngumu, washa gari. Usimwage uliyokinga mchangani.

Kinachoniuma ni kwamba watu wengi wenye magari haya hawajawahi kuigusa koki hiyo, na mafundi wengi hawawaambii. Taa inaonekana kero, hivyo balbu inang'olewa au waya unakatwa. Maji yakipita filta hadi kwenye nozo, huondoa ulaini unaolinda vyuma vinavyosuguana, hutia kutu, na yakipigwa na joto la ncha ya nozo hugeuka mvuke ghafla na kuimega. Nozo zikienda, mara nyingi pampu nayo imeshakwaruzika. Maji hayohayo yakiingia kwenye gari la petroli, litamisi, litazima, utasafisha tangi na bomba, na mara nyingi utaendelea na safari yako. Tena dizeli ikichanganywa na mafuta ya taa, ulaini wake hupungua vilevile. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010, na mwaka uliofuata ushuru wa mafuta ya taa ukapandishwa ili uchakachuaji usilipe. Hatua zote mbili zimesaidia kuliko watu wanavyokiri, ila kwa aliyenunua dizeli ya dumu pembeni mwa njia hazina msaada wowote.

Njia ya pili ya maji ni barabara. Mwanzoni mwa Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilikata barabara ya Dar es Salaam–Lindi ndani ya Wilaya ya Kilwa, Somanga na Mikereng'ende zikiwa miongoni mwa sehemu zilizobomoka, na safari za mikoa ya Lindi na Mtwara zikasimama. Nyakati kama hizo ndipo utasikia: wenye dizeli wapite, wenye petroli wangoje. Maneno hayo yana ukweli nusu. Dizeli haina plagi wala koili ya kulowa, kwa hiyo huendelea kunguruma pale ambapo petroli imekwisha kukata moto. Tatizo ni kwamba inaendelea kunguruma mpaka inameza maji kwa njia ya hewa.

Hapo ndipo hesabu ya kubana inarudi. Chukua injini ya 1KD ya Prado, lita 3.0, silinda nne. Kila silinda ina ujazo wa mililita 745 hivi, na matoleo mengi ya mwanzo hubana kwa uwiano wa 17.9 kwa 1. Pistoni ikifika juu kabisa, nafasi inayobaki ni mililita 44. Hivyo ni vijiko vitatu vya kulia chakula. Hewa hubanika, maji hayabaniki. Yakiingia zaidi ya vijiko vitatu kwenye silinda moja, pistoni inapanda, inagonga kitu kisichosogea, na kwa kuwa gari zima liko mwendoni, kinachopinda ni mkono unaoishika pistoni. Prado ya petroli ya lita 2.7, injini ya 2TR yenye uwiano wa 9.6 kwa 1, ina nafasi ya mililita 78, vijiko vitano na ushei. Nayo inaweza kuvunjika, bila shaka. Lakini ina nafasi karibu mara mbili, na umeme wake ukilowa mapema huizima kabla haijameza mengi. Kule kuzima kunakokera ndiko kunakoiokoa.

Kwa hiyo mtu akikuhakikishia kwamba dizeli hupita majini, muulize mdomo wa kuvutia hewa uko wapi. Kwenye hardtop yenye bomba la hewa lililopandishwa hadi usawa wa paa, sawa. Kwenye CX-5 ambayo mdomo wake uko nyuma ya grili, hapana. Na gari likizima majini usipige stata tena hata mara moja. Livute, fungua sanduku la filta ya hewa, ukiona imelowa muite fundi atoe nozo au plagi kwanza, maji yatoke, ndipo injini izungushwe.

Kuna jambo la tatu, na hili halihusu maji. Familia nyingi za Kilwa hazisafiri sana. Gari hutoka nyumbani Masoko kwenda shule, kisha sokoni, Jumamosi Kivinje kumwona mgonjwa Hospitali ya Kinyonga, na kurudi. Dizeli za kisasa zina chujio la masizi kwenye bomba la moshi, mafundi huliita DPF. Masizi hujaa humo, na ili yaungue yakaisha, chujio lazima lifike joto la nyuzi 600 hivi na likae hapo kwa muda, yaani mwendo wa barabara kuu usiokatika. Gari linalozunguka Masoko halifiki huko. Chujio huziba, gari hukosa nguvu, taa huwaka. Kumbuka pia salfa, adui mwingine wa chujio: kiwango cha dizeli cha Afrika Mashariki kilichoanza 2015 kiliruhusu salfa sehemu 50 kwa milioni, wakati Japani na Ulaya, magari haya yalikoundiwa, kikomo ni 10.

Suluhisho linalotolewa gereji ni kulikata chujio na kulitupa. Mimi nalipinga. Mwaka 2012 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO liliweka moshi wa dizeli kwenye kundi la vitu vinavyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Anayekata chujio kisha akaacha injini ikinguruma mbele ya lango la shule, moshi ule anawavutisha watoto wake mwenyewe.

Sasa fedha. EWURA hutangaza bei kikomo kila mwezi, wilaya kwa wilaya, na tofauti ya dizeli na petroli hubadilika. Mwaka 2022 kulikuwa na miezi ambayo dizeli iliizidi petroli. Usinunue gari kwa kutegemea bei ya mwezi mmoja. Angalia kilomita. Prado ya petroli ikikupa kilomita 7 au 8 kwa lita, ya dizeli itakupa kama 10. Ukitembea kilomita 6,000 kwa mwaka, umeokoa lita 200 hivi, na nozo nne mpya zitameza akiba ya miaka kadhaa. Ukitembea 20,000, umeokoa zaidi ya lita 650, na hapo dizeli inaanza kukulipa. Ongeza mkanda wa taimingi, ambao 1KD inao na lazima ubadilishwe kwa kilomita zilizoandikwa kwenye kitabu cha gari, wakati 2TR ya petroli hutumia cheni.

Petroli ina faida nyingine ambayo Kilwa ilipaswa kuwa ya kwanza kuifaidi. Injini yenye plagi hufungwa mtungi wa gesi asilia kwa urahisi, kwa sababu gesi huhitaji cheche. Dizeli huhitaji mabadiliko makubwa zaidi. Gesi ya Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974, ikaanza kusafirishwa kwa bomba hadi Dar es Salaam mwaka 2004, na kule leo inasukuma bajaji, teksi na magari ya watu binafsi. Bomba linaingia nchi kavu Somanga, pembeni mwa barabara yetu. Gesi inayotoka kwenye wilaya hii ingepaswa kujazwa kwenye magari ya wilaya hii, na wanaopanga vituo vya kujazia wana deni na watu wa Kilwa.

Dizeli haitaondoka Kusini, wala isiondoke. Malori ya korosho na ufuta, malori ya chumvi, mabasi ya Mtwara, mashine za kusaga vijijini, matrekta, jenereta za hospitali, majahazi yenye injini: zote zinaihitaji, kwa kuwa zinabeba mizigo mizito na kufanya kazi saa nyingi mfululizo.

Kwa familia ya mjini, Masoko, Kivinje au Lindi, inayokwenda Dar mara chache kwa mwaka: petroli, isiyozidi lita 2.7. Kwa anayepanda Liwale kila wiki kutokea Nangurukuru na mzigo nyuma: dizeli, na afadhali ya zamani iliyotunzwa kuliko mpya iliyokatwa chujio. Ukiamua dizeli, kabla hujalipa washa swichi bila kuwasha injini uone kama taa ya maji inawaka kidogo na kuzima. Isipowaka kabisa, balbu imeng'olewa au waya umekatwa. Kisha mwambie muuzaji afungue koki ya filta mbele yako, ukiwa umeshika chupa.